Tope la Magotini ama Maji ya Kasi: Wewe Utachukua Njia Gani?



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlio pamoja nasi, najua tumeshafuturu, kaimati ziko tumboni na usingizi waita, kwa hivyo sitawaweka sana. Mada yangu ni ya kigeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kubeba mtumbwi msituni, na namna ya kuchagua njia wakati kila njia ina matope. Najua kuna mtu hapo nyuma ashasema, huyu naye, mtumbwi si wapandwa, wabebwa wa nini? Subiri.

Wengi wenu mna jamaa Minnesota, Marekani. Ndugu zetu Wasomali wako huko kwa maelfu, na wengi wao walipitia Dadaab ama Eastleigh kabla ya kufika Minneapolis. Binamu yangu ni mmoja wao. Mwisho wa Mei atachukua vijana wanane wa mtaa wao, wa miaka 13 hadi 16, awapeleke safari ya mitumbwi kaskazini mwa jimbo hilo, mpakani na Kanada. Aliniandikia kwa sababu mimi nasoma jografia chuo kikuu, na yeye ramani humpa kizunguzungu. Tumebishana wiki tatu, na ubishi huo ndio nimewaletea usiku huu.

Mahali penyewe paitwa Boundary Waters. Ni nchi ya maziwa, zaidi ya 1,000, ndani ya ekari kama milioni moja za msitu. Tangu sheria ya mwaka 1964 pamehifadhiwa pabaki pori. Kikundi hakiruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4, makopo ya chakula na chupa za glasi haziruhusiwi, na njia za msituni hazina vibao. Hakuna mshale wa kukuonyesha pita hapa. Simu nayo sehemu nyingi haishiki. Ukivunjika mguu huko, ndugu yangu, matatu haiji.

Sasa, ziwa moja na jingine hutenganishwa na kipande cha nchi kavu, ama na mto wenye maporomoko. Hapo unashuka, unaweka mtumbwi mabegani juu ya nira ya mbao, mtumbwi wenyewe umekufunika kichwa kama kofia kubwa, na unatembea. Njia hiyo huitwa potaji. Wenyeji kama watu wa kabila la Ojibwe walizipita njia hizi zamani, kwa mitumbwi ya magome ya mti. Baadaye wakaja mahamali wa kampuni za biashara ya ngozi, na kawaida ya hamali mmoja ilikuwa vifurushi viwili, kila kimoja kilo 41, vinavyoshikiliwa na mkanda kwenye paji la uso, vile vile mama zetu wa Kikuyu wanavyobeba kuni. Kilo 82! Mimi gunia la mchele la kilo 25 hunitoa jasho kutoka dukani hadi mlangoni.

Urefu wa potaji hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani cha mita 5 na kidogo. Na hapa kuna hesabu ambayo binamu yangu hakuipiga. Ukiwa na mizigo ya kubeba mara mbili, potaji huitembei mara mbili, waitembea mara tatu: unakwenda na mzigo, unarudi mtupu, unakwenda tena. Potaji ya rodi 160, yaani mita 800, imekuwa kilomita 2.4. Kwa hivyo mtu akikuambia njia ile ni ndefu kidogo tu, mwulize kwanza mizigo ni mingapi.

Haya, tuje kwenye ubishi. Njia yao yatoka Ziwa Basswood kwenda Ziwa Crooked, na kati yake kuna Mto Basswood, ambao ndio mpaka wenyewe wa Marekani na Kanada. Mto huu waanza na maporomoko, halafu maji ya kasi hapa na pale. Una njia mbili. Ya kwanza ni potaji moja iitwayo Horse Portage, rodi 340, yaani mita 1,700 na ushei, inayoyapita maporomoko hayo ya mwanzo na maji ya kasi yanayoyafuata kwa upande wa nchi kavu. Ya pili ni potaji fupi fupi kandokando ya mto: wabeba kidogo, warudi majini, wapiga kasia kidogo, washuka tena.

Binamu yangu alitaka zile fupi. Sababu zake si za kipuuzi, manake ana watoto wa miaka 13, na ile ndefu ukiibeba mara mbili ni kilomita 5 za msitu, tena wakati wa mbu. Na mwisho wa Mei, baada ya theluji kuyeyuka na mvua kunyesha, njia za msituni zina tope. Akaniambia, "Nikiwapitisha kwenye tope saa tatu, siku ya pili hakuna atakayeniamkia."

Tope la huko nalo lina asili yake. Chini kuna mwamba mgumu wa graniti. Barafu nene ya enzi za kale iliukwangua, ikaacha udongo mwembamba juu yake, basi maji hayana pa kunywea. Yanakaa kwenye vibonde, mimea laini kama sponji inaota juu, inaoza, na inafanyika tope jeusi. Halafu kuna biva, mnyama wa jamii ya panya lakini mkubwa kama mbwa, kazi yake kuangusha miti na kuziba vijito. Akiziba kijito, njia iliyokuwa kavu mwaka jana mwaka huu ni bwawa. Ramani haina habari. Wale mliowahi kushuka kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa mwajua tope linavyomeza mguu na kukataa kuurudisha. Basi fikiria hilo na mtumbwi wa kilo 20 hadi 34 kichwani.

Lakini mimi nilimwuliza swali moja: hilo tope limetoka wapi? Limetoka kwenye mvua na theluji iliyoyeyuka. Na maji hayo hayo yamekwenda wapi tena? Mtoni. Yaani siku ambayo njia ya nchi kavu ni mbaya kabisa, siku hiyo hiyo mto nao ndio umejaa. Mtu anakimbia tope wakati ambapo maji hayafai kukimbiliwa. Hili nililirudia mara nyingi, na naona ndilo watu wengi hawalioni, kwa sababu tope laonekana na linanuka, bali mto uliojaa kwa juu waweza kuwa laini kama kitambaa cha hariri.

Tena zile potaji fupi zina dosari ambayo haiandikwi kwenye urefu wake. Kila moja yakurudisha majini juu ya maji ya kasi yanayofuata. Kwa hivyo ni lazima uone pa kutua, hapana kibao, na uwahi kutua kabla mkondo haujakushika. Ukikosea mara moja tu, kasia haina tena neno. Na maji ya Mei ni ya baridi kali, barafu imeondoka wiki chache tu. Mtoto akianguka, jaketi la kuelea litamweka juu, lakini mikono itakufa ganzi upesi, na kamba utakayomrushia hataweza kuishika.

Sisemi hivi kuwatisha. Upande wa pili wa hilo Ziwa Crooked kuna maporomoko yaitwayo Curtain Falls, na mahali pa kutua pako karibu mno na ukingo wake. Mwezi Mei 2024 mitumbwi miwili yenye watu wanne ilichukuliwa na mkondo, ikapita juu ya maporomoko hayo. Wawili walikufa. Mwezi wa Mei huo huo ambao binamu yangu amepanga.

Na si jambo la leo. Mwaka 1960 wapiga mbizi walishuka chini ya maji ya kasi ya Horsetail, kwenye Mto Granite, mpakani huko huko, wakakuta sufuria 17 za shaba zimepangwa moja ndani ya nyingine. Ni shehena ya wafanyabiashara wa ngozi. Watu wale walikuwa na njia ya miguu, na walikuwa na mabega ya kilo 82, lakini kuna siku mtu aliona ah, leo tupite na maji tu.

Tope je? Kuna potaji ya zamani iitwayo Savanna, kusini zaidi, kama kilomita 10, inayounganisha mito iendayo Ziwa Superior na ile iendayo Mississippi. Mwisho wake wa mashariki ulikuwa kinamasi kitupu. Mitumbwi iliburutwa tope, watu wakatoka weusi hadi kiunoni, mbu wakala karamu. Walilalamika, na waandishi wa safari zile wakaandika malalamiko hayo. Sawa, lakini walifika na wakapata nafasi ya kulalamika.

Basi ukishakubali tope, kuna namna ya kulipita. Usianze na mtumbwi. Aliye na mtumbwi kichwani haoni mbele vizuri, kwa hivyo safari ya kwanza beba mzigo mwepesi na ushike fimbo, uchome kila dimbwi ujue kina chake. Ile safari ya kwanza ndiyo upelelezi wako, nayo ni ya bure kwa sababu ungeitembea tu. Pita katikati ya tope, usizunguke. Kila mtu akizunguka kulinda viatu, njia inapanuka, mimea ya pembeni inakufa, na mwaka ujao dimbwi ni maradufu. Na yale magogo yaliyolazwa juu ya tope, yakilowa yanateleza kuliko sabuni. Mimi heri nizame hadi goti kuliko nianguke toka juu ya gogo na mtumbwi shingoni.

Halafu, nani aamue? Binamu yangu alikuwa amewaza kwa miguu yake mwenyewe, na yeye ni mchezaji mpira. Nilimwambia awaulize wale wadogo, tena awaulize mmoja mmoja, sio mbele ya wenzao. Mvulana wa miaka 13 mbele ya kaka zake hawezi kusema aogopa maji. Ulimwona wapi?

Juzi ameniandikia. Watachukua ile ndefu, asubuhi, na wamepanga siku nzima kwa kazi hiyo moja. Yule mdogo kuliko wote atatangulia na fimbo na mkoba wa dawa. Watatu kati yao kumbe hawajui kuogelea, na hakuna aliyekuwa amesema. Sasa swali alilonalo ni moja tu, kama awanunulie gambuti. Nikamjibu hapana. Gambuti likijaa maji latoka na tope lenyewe, ubaki na soksi. Avae kila mtu kiatu cha kamba kilichofungwa barabara, akubali kulowa, na soksi kavu ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya usiku.

Wassalaam alaykum.