Mazungumzo Baada ya Habari: Pumba za Bwera na Usalama wa Ziwa Edward

Mwezi wa Julai 2018, askari wa majini wa Uganda na wa Kongo walirushiana risasi katika Ziwa Edward, na watu wakapoteza maisha. Ugomvi ulihusu uvuvi katika ziwa ambalo mpaka wa nchi hizo mbili hupita katikati yake.

Mwaka 2017, jeshi la Uganda lilipewa jukumu la kuzuia uvuvi haramu katika maziwa ya nchi. Jukumu hilo ni la lazima, kwani nyavu zenye matundu madogo huangamiza samaki wachanga. Hata hivyo, mvuvi aliyenyang'anywa nyavu bado ana watoto wa kulisha. Asipopata riziki nchi kavu, atarudi ziwani usiku, naye askari atalazimika kumfuata.

Wananchi wa Bwera wanayo sehemu ya jawabu mikononi mwao. Mashine za kusaga mahindi huacha pumba. Mpunga wa Mubuku nao una pumba zake. Na mbegu za pamba ya Kasese zikikamuliwa mafuta hubaki mashudu. Masalio hayo ni chakula cha perege wafugwao bwawani. Pumba humpa samaki nguvu, na mashudu humjenga mwili. Kwa kuwa mara nyingi chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, masalio ya shamba humwezesha hata mkulima mdogo kuanza.

Lakini yapo mambo ya kuzingatiwa. Pumba zilizoota ukungu huweza kuwa na sumu, zisitumiwe. Mashudu ya pamba yakizidi humdhuru samaki, hivyo yachanganywe na pumba kwa kiasi. Majani ya muhogo hayana budi kukaushwa kwanza. Tena chakula kisimwagwe ovyo, kwani mabaki huoza na kumaliza hewa majini. Samaki wakionekana alfajiri wakitweta juu ya maji, ulishaji usimamishwe na maji mapya yaingizwe.

Kambi za jeshi na vituo vya polisi vyenye ardhi na maji vinaweza kuwa mfano kwa majirani zao. Kila familia itakayovua bwawani kwake itapunguza idadi ya mitumbwi inayovuka mpaka gizani, na kumpunguzia askari wa doria sababu ya kufyatua risasi.