Lukonge wa Ukerewe na Wajibu wa Kuwatafiti Mababu



Katika koo nyingi za ufukoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza mjini hadi Ukerewe na Ukara, yuko babu mmoja ambaye habari zake husimuliwa kuliko za wenzake wote. Mmoja husemwa alikuwa bingwa wa mvua. Mwingine alivuka ziwa usiku kwa mtumbwi akiwakimbia askari wa Mjerumani. Wa tatu alioa wake wengi hata akawa hawajui wanawe kwa majina. Watoto hucheka, wakubwa hujivuna, na siku msimulizi anapofariki, masimulizi yake huzikwa pamoja naye.

Hapana budi kujiuliza: babu wa namna hiyo atafutwe vipi, na atafutwe kwa ajili gani? Jibu lake linaweza kupatikana katika habari za mtu mmoja, Omukama Lukonge wa Ukerewe.

Lukonge alikuwa mwana wa Omukama Machunda, wa ukoo wa Wasilanga, ambao kwa masimulizi yao wanatokana na Katobaha aliyehama kutoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Alitawala mpaka mwaka 1895, Wajerumani walipomwondoa madarakani na kumweka Mukaka. Mtafiti akitaka kumjua mtu huyu atakuta mashahidi kadhaa, na kila mmoja ana Lukonge wake.

Shahidi wa kwanza ni Henry Morton Stanley, aliyefika kwake mwaka 1875 akiwa na haja ya mitumbwi ya kuwavusha watu wake kwenda Uganda. Lukonge wa Stanley ni kijana mwenye heshima na udadisi, ambaye alimwomba mgeni siri za dawa za Ulaya: namna ya kuwageuza watu kuwa simba na chui, na namna ya kuinyesha mvua na kuizuia. Msomaji aliyejaa kasumba atacheka. Lakini mtawala wa Ukerewe alidaiwa mvua na watu wake, kama vile ofisa wa leo anavyodaiwa maji ya bomba. Swali lake lilikuwa swali la kazi.

Shahidi wa pili ni wamisheni wa Kiingereza. Mwezi Desemba 1877, wenzao wawili, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe na watu wa Lukonge. Habari hizo zilipofika Uingereza, yule kijana mdadisi aligeuka kuwa muuaji katili, na hivyo ndivyo alivyoandikwa kwa miaka mingi.

Hata hivyo, katika maandishi yaleyale ya wamisheni, mtafiti mwenye subira atakuta jambo jingine. Kisiwani palikuwa na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, muundaji wa mashua, ambaye waligombana na Lukonge. Songoro alikimbilia kwa Waingereza. Lukonge alimtaka, nao wakakataa kumtoa. Mwaka 1878 Alexander Mackay, fundi na mmisheni, alikwenda Ukerewe bila jeshi, akaonana na Lukonge, akarudi salama. Lukonge alijitetea kwamba aliyekusudiwa alikuwa Songoro, wala si Wazungu.

Je, utetezi huo unamsafisha? La hasha. Hapa ndipo utafiti wa mababu unapokuwa mgumu, na ndipo thamani yake inapoonekana. Mjukuu anayempenda babu yake atatamani kuishia kwenye maneno ya Mackay, aseme kwamba Wazungu walijiingiza katika ugomvi usiowahusu, kisha afunge daftari. Lakini Songoro naye alikuwa mtu, na watu wake waliuawa pamoja naye. Majina ya Waingereza wawili yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya watu wa Songoro hayakumshughulisha mwandishi. Mtafiti anayelalamika kwamba mgeni alimwonea babu yake, naye akawasahau waliouawa na babu huyo, amefanya kosa lilelile analolilaumu.

Shahidi wa mwisho ni wenyeji wenyewe. Wakerewe walihifadhi habari za watawala wao katika masimulizi na katika nyimbo zilizoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896 katika ukoo huohuo wa watawala, alizikusanya habari hizo kwa miaka mingi, na alimsaidia sana Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani ambaye kitabu chake juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu kilitoka mwaka 1976. Na alipoandika riwaya yake kubwa juu ya Myombekere na Bugonoka, Kitereza hakumtukuza mfalme yeyote. Aliandika maisha ya mke na mume wa kawaida: kilimo chao, uvuvi wao, ugonjwa wao, na uchungu wao wa kukosa mtoto. Mtu wa ukoo wa watawala aliona kwamba walioupika ugali wa nchi wanastahili historia kama walioipigia ngoma.

Ndugu, mafunzo ya kazi ni haya. Kwanza, aanze na walio hai. Mwalimu aende kwa mzee kwa adabu, amwamkie, akae chini, asimkatize, na arudi siku ya pili kuuliza tena lile alilouliza jana. Bibi aulizwe pia, kwa kuwa aghalabu wanawake ndio wanaokumbuka nani aliolewa wapi na kwa mahari gani. Pili, miaka ishikizwe kwenye mambo yanayojulikana. Mzee hatasema "mwaka 1916". Atasema baba yake alikuwa mchunga mbuzi Mwingereza alipomfukuza Mjerumani Mwanza, na huo ndio mwaka wenyewe. Tatu, karatasi zitafutwe: vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani, majalada ya wilaya, Nyaraka za Taifa. Nne, kila neno liandikwe pamoja na jina la aliyelisema, na pale wasemaji wawili wanapopingana, maneno yote mawili yaandikwe.

Wapo watakaodai kwamba kuchimbua habari za watawala wa zamani ni kurudisha ukabila na unyapara. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Lakini utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, wala daftari la mwalimu haliwezi kumrudisha mtu katika kiti. Kinacholeta majivuno ni babu asiyetafitiwa, maana huyo hana kosa hata moja. Babu aliyetafitiwa kwa haki humfundisha mjukuu unyenyekevu.

Jambo moja haliwezi kungoja, nalo ni wakati. Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Uzeeni aliifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980. Mzee huyo alifariki mwaka 1981, kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia mkononi. Miaka thelathini na sita ilipita kati ya kalamu kuwekwa chini na mwandishi kuzikwa, na mswada ulinusurika kwa kuwa ulitunzwa.

Masimulizi yasiyoandikwa hayana mtunzaji wa namna hiyo. Likizo ijayo walimu wengi watarudi vijijini kwao, Ukerewe, Magu, Sengerema na kwingineko. Wachukue daftari. Mzee aliyepo Desemba hii huenda Juni asiwepo.