Kiraka Kisichobanduliwa

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili tutazame nyufa za intaneti.

Ukurasa wa intaneti husomwa kwa programu iitwayo kivinjari. Tangu 1996 zipo kanuni, CSS, zinazokieleza kivinjari rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa kila kitu. Lakini kanuni ni jambo moja, utii ni jingine. Internet Explorer 6, iliyotoka 2001, ilikuwa sugu. Picha ya PNG iliyotakiwa kupitisha mwanga kama kioo ilitokea na doa la kijivu. Hata toleo la 8 lilikataa kuvipamba vipengele vipya vya HTML5.

Mafundi wasingeweza kumnunulia kila msomaji kompyuta mpya. Waliandika skripti, yaani maagizo ya JavaScript ya kukifundisha kivinjari kikongwe mambo kisiyoyajua. Mwaka 2008 Sjoerd Visscher aligundua kwamba skripti ikikiunda kipengele kipya mara moja tu, kivinjari hukubali kukipamba. Baadaye Remy Sharp aliviita viraka vya namna hii polyfill, akikumbuka Polyfilla, dawa ya kuzibia nyufa za kuta huko Uingereza.

Huo ulikuwa utu: mwenye mashine kuukuu asifungiwe mlango. Ingawa, tuseme kweli, mzigo wa kuiendesha skripti uliiangukia mashine ile ile iliyochoka.

Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer. Mgonjwa akaondoka, dawa ikabaki mezani. Tovuti nyingi ziliendelea kuchota viraka kutoka anwani moja, polyfill.io, kila msomaji alipofungua ukurasa. Mwanzoni mwa 2024 anwani hiyo ikapata mmiliki mpya. Aliyeibuni huduma hiyo aliwaonya wenye tovuti waiondoe upesi. Wengi hawakusikia. Juni mwaka huo ikagundulika kwamba viraka vimetiwa hila: baadhi ya wasomaji wenye simu walipelekwa kwenye tovuti ya kamari wasiyoiomba. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiitumia anwani hiyo.

Basi nawaambia wenye tovuti, ziwe za maduka, shule au ofisi: kila kiraka kiwe na sababu, kiwe na mtu wa kukiangalia, na kipangiwe siku ya kubanduliwa. Anayeumia ni msomaji, ambaye hata hajui kiraka kipo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hadi juma lijalo, kwaherini.