Mapumziko ya Pwani na Zamu ya Askari



Mwisho wa mwezi Septemba, bahari ya Kaskazini ya Msumbiji hubadili tabia. Upepo wa kusi uliovuma tangu Aprili hupungua nguvu, na ule wa kaskazi haujafika. Mabaharia wa mwambao huyaita majira hayo tanga mbili, kwa sababu chombo huweza kuelekea juu au chini bila kushindana na upepo. Maji hutulia, mikorosho imekwisha kuchanua, na mvua kubwa ziko mbali bado. Ndiyo majira mema kuliko yote kwa mtu anayetaka kukaa ufukweni siku mbili tatu na kusahau kazi.

Ndani ya majira hayo zimo sikukuu mbili za taifa la Msumbiji. Tarehe 25 Septemba ni kumbukumbu ya siku ile ya mwaka 1964 wapiganaji wa FRELIMO walipoanza vita vya ukombozi huko Chai, katika wilaya ya Macomia. Nayo ndiyo Siku ya Majeshi ya Ulinzi. Tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Amani, kukumbuka mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Roma mwaka 1992 na Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama, yaliyokomesha vita vya miaka 16. Sikukuu moja ni ya bunduki iliyoleta uhuru. Ya pili ni ya bunduki iliyowekwa chini. Sikukuu hizo zinapopakana na Jumamosi na Jumapili, mfanyakazi wa Nampula, wa Montepuez au wa Mueda huona nafasi ya kuwapeleka mke na watoto baharini.

Mtu anayepanga mapumziko ya namna hiyo hujiuliza maswali manne: atalala wapi, atakula nini, atapita njia gani, na je, atarudi salama? Katika mkoa wa Cabo Delgado maswali mawili ya kwanza hayana taabu. Upo ufuko wa Wimbe katika mji wa Pemba, mji ambao msikilizaji asiuchanganye na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar. Vipo visiwa vya Quirimbas, ambavyo sehemu yake imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2002. Kipo kisiwa cha Ibo chenye nyumba za mawe, mafundi wa fedha, na ngome yenye umbo la nyota iliyojengwa na Wareno mwaka 1791. Chakula ni samaki, pweza, muhogo na wali wa nazi. Wenyeji wa pwani hiyo, Wamwani, husema lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili, na mgeni kutoka Mtwara au Kilwa hapati shida ya kuomba maji ya kunywa. Maswali mawili ya mwisho, yale ya njia na usalama, ndiyo yaliyoharibu mipango ya watu wengi kwa miaka mingi.

Hebu itazamwe Mbau. Mbau ni tarafa katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kusini ya mji mkuu wa wilaya hiyo. Ni nchi ya wakulima na wavuvi, watu ambao kwao kushuka baharini siku ya sikukuu hakukuwa anasa bali mazoea. Siku ya Amani ya mwaka 2017 ilipita kama kawaida. Lakini usiku huo huo wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Askari polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa kwanza. Wakati wananchi wengi walikuwa bado wamelala baada ya sikukuu ya amani, vita vipya vilikuwa vimekwisha anza.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 12 Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ulianguka pamoja na bandari yake, ukakaa mikononi mwa waasi kwa karibu mwaka mzima. Misitu ya Mbau ikawa maficho yao. Mwezi Oktoba 2020, katika majira yale yale ya tanga mbili, bahari tulivu ilichukua abiria wa namna nyingine. Maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao walipakiwa katika majahazi na mashua, wakateremshwa katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, wakalala juu ya mchanga pamoja na watoto wao. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilizama karibu na Ibo na Matemo, na watu wengi walikufa maji. Mwezi huo huo waasi walivuka mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kwa hiyo Tanzania nayo ilionja uchungu huo, wala haikuwa mtazamaji wa mbali.

Kisha ikaja Pasaka ya mwaka 2021. Zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi, mji wa Palma ulivamiwa. Raia na wageni wa kazi walijifungia katika hoteli moja ya mjini. Tarehe 26 baadhi yao walijaribu kutoka kwa msafara wa magari, wakaviziwa njiani. Wengine walikimbilia pwani, na meli ikawachukua zaidi ya watu 1,000 hadi Pemba. Juma ambalo familia nyingi za dunia hupanga mapumziko yao, watu wa Palma walilitumia kuhesabu waliopotea.

Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda yaliingia Cabo Delgado, na majeshi ya nchi za SADC, yakiwamo ya Tanzania yaliyowekwa katika wilaya ya Nangade, yakafuata. Tarehe 8 Agosti mji wa Mocímboa da Praia ulikombolewa, na kabla ya mwezi huo kwisha Mbau nayo ilikuwa imetwaliwa. Tangu mwaka 2022 wananchi walianza kurudi. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake mwezi Julai 2024. Lakini mwezi Septemba 2025 waasi waliingia tena katika vitongoji vya mji wa Mocímboa da Praia na kuua raia. Mtu aliyekuwa akipanga kushuka pwani kwa sikukuu ya tarehe 25 mwaka huo alikuwa na sababu ya kuahirisha.

Historia hiyo ina mafunzo kwa kila mwenye kuvaa sare, awe wa Msumbiji, wa Tanzania au wa nchi nyingine ya mwambao. Kuukomboa mji ni kazi moja. Kumwezesha raia kupanga safari yake ya sikukuu ni kazi ya pili, na ni ndefu zaidi. Ya kwanza hufanywa kwa silaha. Ya pili hufanywa kwa sehemu kubwa katika kizuizi cha barabarani.

Mchukulie mkulima wa Mbau anayetaka kuipeleka familia yake baharini siku ya mapumziko. Atamwuliza nani kama njia ni salama? Atamwuliza askari. Askari akimjibu bila kujua, au akamficha habari mbaya kwa kuona aibu, amemtia hatarini. Akimdai fedha ndipo ampishe, mkulima atajifunza kupita njia za porini, na huko porini ndiko adui aliko. Aidha, mtu aliyenyang'anywa leo hatarudi kesho kutoa habari. Mvuvi ndiye wa kwanza kuona mashua ngeni ikiingia usiku. Mama anayeokota chaza wakati maji yamekupwa ndiye wa kwanza kuona nyayo zisizo za wenyeji. Watu hao hawatakwenda kituoni ikiwa wanamwogopa askari sawasawa na wanavyomwogopa mwasi. Mwezi Machi 2021 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyowashutumu waasi, majeshi ya serikali na askari wa kukodiwa pia kwamba waliwaua raia. Shutuma za namna hiyo ni hasara kwa jeshi lolote, hata lishinde mapambano mangapi, kwa maana humfungia mlango wa habari.

Liko na fundisho la usiku wa tarehe 5 Oktoba 2017. Adui hutazama kalenda. Anajua siku ambayo mji utachelewa kulala na barabara zitajaa wasafiri. Kwa hiyo sikukuu ya raia ni zamu ya askari. Mkuu wa kituo mwenye busara hupanga likizo za vijana wake kwa zamu, mapema, ili siku ya shamrashamra doria isipungue hata mtu mmoja. Wala hii si kusema kwamba askari hastahili mapumziko. Aliyekaa msituni miezi mingi bila kuiona familia yake huchoka, na aliyechoka haoni wala hasikii. Naye ana haki ya kuketi ufukweni na watoto wake, zamu yake ikifika, akijua kwamba mwenzake yuko macho kwa ajili yake kama alivyokuwa macho yeye kwa ajili ya wengine.

Ushindi katika pwani ya Cabo Delgado hautapimwa kwa idadi ya bunduki zilizotekwa peke yake. Kipimo kilicho rahisi zaidi kitaonekana Mbau kwenyewe. Siku ya Amani itakapokaribia, baba atawaambia watoto wake kwamba kesho asubuhi watashuka baharini. Mama atafunga muhogo na nazi katika kikapu. Katika kizuizi askari atawasalimu, atawaambia ukweli kuhusu njia, na kuwapisha bila kudai chochote. Watakaa ufukweni hadi maji yajae, na jioni watarudi nyumbani wote, kwa hesabu ile ile waliyoondoka nayo.