Ugonjwa wa Akili Si Tusi

Shikeni daftari na kalamu. Somo letu la leo linaanza na neno moja: Mirembe.

Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Ilifunguliwa mwaka 1927. Kazi yake ni kutibu watu. Lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akikosea kidogo huambiwa, "Wewe ni wa Mirembe." Mbona aliyelazwa kwa malaria hatumtukani kwa jina la hospitali yake?

Sasa tuone madhara ya tusi hilo. Tuseme kijana wa Malampaka, katika wilaya ya Maswa, ameugua akili. Ndugu zake wanampeleka Dodoma. Anatibiwa, anapata nafuu, anapanda garimoshi, anashuka stesheni ya Malampaka na vidonge vyake mfukoni. Kulima pamba anajua kama zamani. Lakini wenye mashamba hawampi kibarua. Watoto wanamzomea njiani. Nyumbani anatengewa chakula peke yake. Anaona haya kumeza vidonge mbele ya watu, maana wanamcheka. Basi anaviacha. Baada ya muda ugonjwa unarudi, na watu wanasema, "Si tulijua? Mwenda wazimu haponi." Kumbe waliomrudisha nyuma ni wao wenyewe.

Ugonjwa wa akili una sababu nyingi. Wengine wana asili yake katika ukoo. Wengine hupatwa baada ya kujifungua, au baada ya msiba mkubwa. Wengine huharibiwa na pombe au bangi. Malaria kali nayo yaweza kumvuruga mtu akili. Lakini hauambukizi kwa kula sahani moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019, katika kila watu 8 duniani, mmoja alikuwa na tatizo la akili, kubwa au dogo. Basi ni jambo la kila kijiji.

Tufanye nini? Kwanza, mgonjwa apelekwe zahanati mapema; asifungwe kamba wala kupigwa. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili, inayohusu matunzo na ulinzi wa wagonjwa hawa. Pili, mtu mmoja wa nyumbani amkumbushe dawa, naye asiziache mpaka daktari aseme. Tatu, akipata nafuu, apewe jembe lake, na mahali pake penye chakula pamoja na wenzake.

Maswali:
1. Kwa nini kijana aliacha vidonge?
2. Taja sababu mbili za ugonjwa wa akili.
3. Tunga sentensi moja yenye neno "nafuu".

Jadilianeni darasani kabla ya kuandika. Kwaherini, mpaka somo lijalo.