Jiko la nyumba ya kupanga



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi, sanduku letu likiwa zima na funguo zake zote tatu. Tumepewa dakika chache tuzungumzie namna ya kupamba jiko la nyumba ya kupanga kwa fedha kidogo. Wengine wataliona jambo dogo. Sisi tunakumbuka kwamba mkopo wa kwanza uliotufanya tukaribie kugombana haukuwa wa samaki wala wa ada ya shule. Ulikuwa wa jiko.

Mwenzetu mmoja, yupo hapa na ameturuhusu tuyaseme, aliomba shilingi 60,000 atengeneze jiko lake. Wengi tulikataa. Jamani, jiko la mwenye nyumba tulipambe sisi? Akajibu kwamba maandazi anayouza anayapika mle mle, masizi yanadondokea kwenye unga, na mteja akichungulia mlangoni anaondoka. Tukanyamaza, tukampa.

Wenyewe mnayajua majiko yetu haya ya Ufukoni. Ni kijichumba mwisho wa ukumbi, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, au kibanda cha bati uani. Dirisha moja, kama lipo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, lakini wengi wetu hapa tungali tunapuliza mkaa. Basi masizi hayaepukiki, na urembo wa jiko lazima uanzie hapo kwenye masizi.

Mwenzetu alianza na ukuta, na alifanya vizuri. Alikwangua masizi kwa fagio la chelewa, akaosha kwa maji ya sabuni. Chokaa ya mfuko aliiloweka usiku kucha, asubuhi akaichuja kwa kitambaa, akatia chumvi iliyoyeyushwa ili ishike. Akalowesha ukuta kidogo, akapaka nyepesi mara tatu, kila mkono ukikauka kwanza. Mkono wa kwanza ukiuona kama maji ya kunawia usikate tamaa, weupe unakuja ikikauka. Lakini chokaa inaunguza, hivyo vaeni mifuko mikononi na watoto wakae mbali. Na juu ya rangi ya mafuta haishiki, msipoteze fedha.

Tuseme na hili. Zamani chokaa ya pwani yetu ilichomwa kutokana na matumbawe. Leo ukiletewa chokaa ya namna hiyo kwa bei ya chini, usinunue. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki, na nusu ya sisi tuliomo humu tunakula kwa samaki. Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kwa sababu kama hizo. Ya mfuko inatosha.

Kosa lilikuja baada ya ukuta. Fedha iliyobaki alimpa fundi amjengee rafu za saruji, zikashikana na ukuta kabisa. Lilipendeza! Tulikwenda kuliona, tukapiga vigelegele. Mwezi wa tatu mwenye nyumba naye akaja kuliona. Akasema jiko sasa ni la kisasa, kodi itoke 40,000 iwe 55,000. Mwenzetu hakuweza, akahamia kwa dada yake. Rafu hazikung'oka. Miezi minne akawa analeta marejesho hapa kila Jumamosi, analipia jiko analopikia mwanamke mwingine. Hakuchelewesha hata mara moja, na sisi tuliokuwa tumepiga vigelegele tulikuwa tunatazama chini.

Tangu siku hiyo, mkopo wa jiko hautoki bila karatasi. Mpangaji na mwenye nyumba wanaandikiana kabla brashi haijagusa ukuta: kitafanyika nini, kitagharimu kiasi gani, na gharama ikatwe kwenye kodi au kodi isipande kwa mwaka mzima. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Wapo wenye nyumba waliokataa kusaini. Hiyo nayo ni faida, umejua mapema unaishi na nani.

Na ukutani tunaweka chokaa tu. Kingine chote kiwe cha kubebeka. Masanduku ya mbao ya sokoni, yakipigwa msasa na kupangwa moja juu ya jingine, ni kabati tosha, na siku ya kuhama yanageuka masanduku ya kufungia vyombo. Susu ya kamba inaning'inia darini na kitoweo chako, paka anabaki kutazama. Kawa za ukindu tundikeni ukutani zisipotumika, hakuna picha ya dukani inayozishinda. Misumari ya kawaida hapa kwetu upepo wa bahari unaila upesi, na kutu inachirizika juu ya chokaa yako nyeupe, kwa hiyo afadhali vigingi vya mti.

Kanga iliyochakaa ni pazia zuri la kuficha ndoo na mkaa. Ila upande wa jina ugeuzieni ndani, jirani asije akadhani anasemwa. (Hili limetokea, na kamati ya usuluhishi ilikaa jioni mbili.) Pazia likae mbali na jiko, na pazia la dirishani lisizibe hewa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu amelala. Dirisha wazi kwanza, urembo baadaye.

Mwenzetu leo amepanga Chikongola. Karatasi anayo, masanduku anayo, na maandazi mliyokula asubuhi yametoka huko. Chokaa tuliyopakia ukumbi huu imebaki ndoo mbili, ziko kwa mweka hazina. Anayehitaji aje kabla ya Jumamosi na chombo chake.