Simu za Nchi za Nje Zinapokataa Kutoka Ofisini



Mazungumzo haya yanahusu simu ya mezani ofisini inayofika Tanga na Dar es Salaam bila taabu, lakini ikipigwa nchi za nje hukatika. Watumishi wengi huandika barua kuwa laini ni mbovu. Laini inayofika Dar es Salaam ni nzima. Kilichokosekana ni ruhusa, na ruhusa haitengenezwi kwa kubadilisha waya.

Mfano mzuri ni Korogwe. Mji huo hauna bandari, lakini shughuli zake zinavuka mipaka. Mkonge, ulioingizwa Tanganyika mwaka 1893, hulimwa wilayani humo na huuzwa ng'ambo. Aidha, kituo cha utafiti wa magonjwa kilichopo Korogwe kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Katika kazi za namna hiyo, simu isiyotoka huweza kuchelewesha shehena au jibu linalosubiriwa na mgonjwa.

Simu ya ofisi hupita milango miwili. Mlango wa kwanza ni swichibodi, ambamo kila simu ya chumbani imepewa daraja lake: ndani ya ofisi tu, nchini kote, au hadi nchi za nje. Mlango wa pili uko kwa mwenye laini, kama vile TTCL, iliyoanzishwa mwaka 1993 wakati Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa. Mlango huo nao huweza kufungwa, ama kwa maombi ya ofisi yenyewe ama kwa ankara isiyolipwa.

Ili kujua mlango uliofungwa, mambo manne yafuatwe kwa utaratibu:

Kwanza, nambari ihakikiwe. Baada ya tarakimu ya kutokea nje ya ofisi, hufuata 000, kisha nambari ya nchi, kwa mfano 44 kwa Uingereza, na sifuri inayotangulia nambari ya huko huachwa.

Pili, mlio usikilizwe. Simu ikikatika mara tu baada ya 000, swichibodi ndiyo iliyozuia. Tarakimu zote zikipokelewa, kisha ikasikika sauti iliyorekodiwa ya kampuni ya simu, kizuizi kiko nje ya ofisi.

Tatu, nambari hiyohiyo ipigwe kutoka kwa opereta, au kutoka simu yenye ruhusa. Ikipita, tatizo ni daraja la simu ile ya kwanza, na fundi wa swichibodi ndiye wa kuitwa. Isipopita, mwenye laini aandikiwe.

Nne, orodha ya tarakimu zilizozuiwa isomwe. Mpango wa nambari wa Tanzania ulitenga 005 kwa simu za Kenya na 006 kwa Uganda. Kwa hiyo, swichibodi iliyozuia 000 peke yake imeacha njia ya Mombasa wazi, na iliyozuia 00 imewafunga majirani pamoja na walio mbali. Ofisi nyingi huligundua jambo hilo siku ankara inapofika.

Hata hivyo, dawa si kufungua simu zote. Wezi wa simu huingia katika swichibodi zenye nywila dhaifu, wakapiga nchi za mbali usiku kucha, na ofisi ikabeba deni. Inasisitizwa kuwa nywila ya kiwandani ibadilishwe, ruhusa ya nje itolewe kwa maandishi kwa wanaoihitaji, ifungwe baada ya saa za kazi, na iondolewe mtumishi anapohamishwa.

Jambo moja halina mjadala. Nambari za dharura, yaani 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto, zisizuiwe katika simu yoyote, iwe ya mkuu wa ofisi au ya mlinzi wa lango. Kila swichibodi inaporekebishwa, fundi athibitishe kuwa zinapita kabla hajaondoka.

Iwe Korogwe, Unguja au Pemba, ofisi inayojua nani ana ruhusa gani, na nani aliyeitoa, haitapoteza siku nzima kumsubiri fundi asiyehitajika.